Jina Lililoshikwa na Mtani

Sogeeni karibu. Hadithi hii mimi naibeba hadi mlangoni tu. Kuiingiza ndani na kuitua ni kazi yenu.

Palikuwa na wajukuu watatu wa babu mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Nakijwa, alikuwa mfinyanzi. Aliujua udongo kama wengine wanavyozijua sura za jirani zao. Ungempa donge akiwa amefumba macho, angelisugua kwa kidole gumba, angelionja kwa ncha ya ulimi, kisha angekuambia limechimbwa shamba la nani.

Wa pili, Mashambo, alikuwa mvunja mawe. Nguvu alikuwa nazo, lakini nguvu wanazo wengi. Kipaji chake kilikuwa kuligonga jiwe, kulisikiliza, na kujua litapasukia wapi na litamwangukia nani.

Wa tatu, Mbonea, hakuwa na ufundi wa kuonyesha watu. Alikuwa mtunzaji. Ungemwachia kitu, awe mbuzi au liwe neno, ungerudi na kukikuta kama ulivyokiacha. Babu yao alipozeeka na mgongo ukamkataa, Mbonea ndiye aliyehamia kwake, akampikia, akamwogesha, akamvika. Vijana wa rika lake walioa. Yeye hakupata nafasi.

Babu huyo aliitwa Mzee Sangiwa, na alikuwa msimamizi wa ndiva. Kwa msiotoka milimani, ndiva ni bwawa la kienyeji, lenye ukingo wa mawe na udongo. Usiku maji ya kijito hukusanyika humo. Asubuhi msimamizi huzibua tundu la chini kwa mti mrefu, maji yakateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Zamu hiyo ndiyo mahindi, ndiyo maharage, ndiyo watoto kulala wameshiba. Anayefungulia maji yasiyo ya zamu yake amepokonya chakula kinywani mwa mtoto wa jirani, na zamani mwizi wa maji alichomwa chuma cha moto chini ya bega, abaki na alama hadi kaburini.

Mzee Sangiwa ndiye aliyekomesha jambo hilo. Siku aliyokabidhiwa mti wa ndiva alisema, "Chuma hakitawashwa tena hapa." Wazee walimuuliza sababu, hakuitoa. Haukuwa upole. Mzee Sangiwa hakuwa mpole hata kidogo. Alihesabu zamu za watu kwa ukali, na hakujua ndugu wala rafiki mbele ya maji.

Mashambo alilijua hilo kuliko wote. Mwaka mmoja wa ukame, mahindi yake yakiwa yameanza kutoa mbelewele na majani yamejikunja, alifungulia mfereji siku isiyo yake. Alikamatwa. Baadhi ya wazee walitaka chuma kiwashwe. Mzee Sangiwa alikataa, lakini alimnyima maji msimu mzima, na mahindi yakakauka yote.

"Mwizi ni mwizi, hata akiwa damu yangu," alimwambia mbele ya watu. "Na siku nikifa, usinishike."

"Usiwe na wasiwasi, babu," Mashambo akajibu. "Siku hiyo nitakuwa na kazi nyingine."

Tangu hapo hawakusemezana.

Sasa nieleze habari ya jina, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Katika ukoo huo jina Sangiwa halikuwa mali ya mtu. Mzee alilipokea kwa babu yake, naye babu yake kwa wake, na wote walioitwa hivyo walishika mti wa ndiva. Hubebwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Akifa, yule aliyemfikisha kaburini ndiye huamua jina limshukie nani. Kwa kawaida neno hilo halina ugomvi: mjukuu mmoja hushuka kaburini, humpokea babu yake mikononi, na akipanda juu amepanda na jina. Ila likimshukia mtoto mchanga naye akafa kabla ya kuacha ziwa, limekwisha, halirithiwi tena.

Na mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa mgomba. Hukatwa shina la urefu wake, likaviringishwa sanda, likalazwa kaburini na kufukiwa. Machozi ni yale yale. Tofauti ni kwamba jina nalo hufukiwa. Mtoto hapewi jina hilo, wala halitajwi, hata katika mazungumzo ya jikoni. Mzee Sangiwa alikuwa na mdogo wake aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge na hakurudi. Alizikwa hivyo. Ningependa kuwatajia jina lake, lakini silijui. Hakuna aliye hai anayelijua. Kuzikwa mgomba ndiko huko.

Basi masika ya mwaka mmoja mvua ilinyesha bila kupumzika. Mchana mmoja Mzee Sangiwa aliusikia ukingo wa ndiva unalia. Mbonea alikuwa msituni akitafuta kuni kavu. Mzee akauchukua mti wake, akaanza kupanda mlima kwa mgongo ule uliopinda, akafungue maji yapungue kabla ukingo haujaachia.

Mtu mmoja alimfuata. Alikuwa mzee wa umri wake, wa ukoo wa watani wake, rafiki yake wa kutukanana kila siku. Alikuwa kaka yake Bibi Namcharo. Mtaona baadaye kwa nini namwita hivyo tu. Mwanamke aliyekuwa akifunga zizi la mbuzi aliwasikia wakipita.

"Sangiwa, utakufa kwa ubishi!"

"Na wewe utakufa kwa kunifuata!"

Wote wawili walisema kweli. Ukingo uliachia wakiwa juu yake.

Watu walitafuta bondeni kote, mto ulikopita na mafuriko yalikotawanyika. Walichopata ni mti wa ndiva, umenasa kwenye migomba, hauna hata mkwaruzo. Mvua ilikuwa haijaisha, na kila walipochimba, tope lilijaa tena. Mwishowe Senzighe, mwana mkubwa wa marehemu, ambaye wale wajukuu watatu humwita baba mkubwa, aliwaita wanaume uani.

"Tumefanya tuliloweza," alisema. "Kesho tukate mgomba."

Panga lilinolewa.

Msibani alikuwepo Bibi Namcharo. Mtani haachi kazi yake hata akiwa amefiwa, na yeye alikuwa amefiwa: kaka yake alikuwa ndani ya tope lile lile. Hata hivyo alikuja, akaingia chumbani mwa Mzee Sangiwa, akalivaa koti lake, akatoka akikohoa kikohozi chake.

"Zamu ya nani leo?" alifoka kwa sauti ya marehemu. "Yako? Nani kasema? Rudi nyumbani ukayakojolee mahindi yako!"

Watu walicheka hadi wakalia, kisha wakalia kweli. Yeye hakulia.

Katikati ya kilio hicho ndipo Nakijwa alipoingia uani. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, nguo zimelowa hadi kifuani. Alinyoosha mkono mbele ya baba yake mkubwa. Chini ya kucha kulikuwa na tope jeusi.

"Baba mkubwa, usikate mgomba. Onja hili."

"Nionje tope?"

"Basi litazame. Mlima huu wote udongo wake ni mwekundu. Tope jeusi namna hii, laini, lisilo na mchanga, lipo chini ya ndiva peke yake. Kila mwaka tukisafisha ndiva mimi ndiye ninayelibeba kwenda kufinyangia. Maji ya juu yalitangulia yakashuka mtoni, huko mnakotafuta. Lakini ukingo ulipoachia, babu alikuwa kwenye tundu la chini. Alikwenda na tope la chini. Na tope la chini halikushuka mtoni. Lilisukumwa pembeni, likaingia korongo la mashariki, likalala pale chini ya jiwe kubwa."

Senzighe alitazama kucha, kisha akatazama tumbo.

"Umelifuata mwenyewe? Korongoni? Mwanangu, mwenye mimba hakanyagi palipofia mtu. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa," Nakijwa alisema. "Lakini aliyejua tope hilo nilikuwa mimi. Ningemtuma nani?"

Aliwapeleka. Alitembea mbele akishika kiuno, akiinama, akionja, akitema, hadi kwenye jiwe lenye ukubwa wa nyumba lililokuwa limebingirika kutoka juu na kuegemea ukuta wa korongo. Chini yake, tope jeusi lilikuwa limejaa kama uji kwenye chungu. Uchungu ulimshika pale pale. Wanawake walimbeba, akajifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake, mdogo kama kifaranga, asiye na nguvu ya kunyonya.

Wanaume walilizunguka jiwe. Udongo wa juu ulikuwa bado unateleza kidogo kidogo, na mawe madogo yalikuwa yakidondoka. Mmoja alisema, "Hapo atakayeingia tutamzika naye." Wengine wakarudi nyuma hatua moja, kila mmoja akitazama miguu ya mwenzake.

Ndipo Mashambo alipotokea na nyundo na mtaimbo begani. Hakuwa ametia mguu msibani tangu mwanzo. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki ile, mzima, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Hakuwa na jina bado, kwa sababu penye msiba mtoto hapewi jina mpaka moto wa matanga uzimwe.

"Mashambo," Senzighe alimwita. "Babu yako alikukataza."

"Alinikataza nisimshike yeye. Jiwe hakulitaja."

Aliligonga. Akaliwekea sikio. Akagonga upande mwingine. Akatafuta mahali, akachomeka mtaimbo, akapiga kabari, akapiga nyingine, na kila alipopiga mlima ulijibu kwa kumwaga udongo mgongoni mwake. Mwishowe jiwe lilijiinua kiasi cha mtu kuingiza bega. Tope lilianza kutoka, na ndani ya tope ulitokea mguu.

Pale ndipo kabari moja ilipoteleza. Mashambo alilisikia jiwe kabla halijashuka. Ndicho kilichokuwa kipaji chake. Alikuwa na nafasi ya kujitoa. Hakujitoa. Alipeleka mkono wa kulia ndani, akaushika mwili kwapani, akauvuta kwa nguvu zake zote hadi ukamfikia Senzighe. Mwili ulitoka wote. Mkono wake haukutoka. Waliokuwepo wanasema hakupiga kelele; aliuma kanga aliyojifunga kichwani, akawaambia, "Kateni. Msilipige jiwe, litashuka lote."

Walikata kwa panga lile lililonolewa kwa ajili ya mgomba.

Mwili ulikuwa mmoja. Walichokonoa tope lililobaki kwa miti mirefu, hawakupata wa pili. Maji yalikuwa yameuvua nguo, na jiwe lilikuwa limeuharibu uso wote. Ulikuwa mwili wa mzee mrefu, mwembamba, mwenye mvi. Wote wawili walikuwa warefu, wembamba, wenye mvi.

"Ni baba yangu," Senzighe alisema.

Bibi Namcharo alikuwa amepiga magoti penye miguu ya maiti. Alizishika nyayo, akazitazama kwa muda mrefu.

"Ni kaka yangu," alisema. "Mtani, hapa sitanii."

Ukoo mmoja ulisimama upande huu na mwingine upande ule, na maiti katikati. Watu hao walikuwa wametaniana tangu mababu zao. Waliingia nyumba za wenzao bila hodi na kula bila kukaribishwa. Siku hiyo wanaume walishika mapanga kwa namna ambayo si ya kukatia majani. Kila mmoja alielewa hesabu yake: mwili mmoja, mgomba mmoja. Watakaoondoka bila mwili wataondoka bila jina.

Senzighe akageuka. "Mbonea. Ni wewe uliyemwogesha. Sema."

Mbonea alinyamaza.

"Sema, kijana!"

Nitawaambia kwa nini alinyamaza. Mara ya kwanza Mzee Sangiwa alipokubali kuogeshwa na mjukuu wake, kabla ya kuvua shati alimwambia, "Utakachokiona kitaingia kaburini mara mbili: nikifa mimi, na ukifa wewe. Kabla ya hapo kisitoke." Mbonea akaapa. Na ninyi mnajua Mbonea alikuwa mtu wa namna gani.

Alimtazama Bibi Namcharo. Akayatazama mapanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Mgeuzeni. Osheni chini ya bega la kushoto. Mtakuta alama ya chuma."

"Chuma gani?"

"Chuma cha mwizi wa maji. Alichomwa ujanani, ugenini, kwenye ndiva ya watu wengine. Aliniapisha nisiseme."

Walimgeuza. Mtu alileta maji kwa kofia yake. Tope lilipotoka, alama ilikuwepo, ya duara, imekunjamana, ya zamani sana.

Msimamizi wa maji wa kijiji kizima, mzee aliyewaogopesha watu maisha yao yote, alikuwa amelala kifudifudi mbele yao na alama ya mwizi mgongoni.

Mashambo alikuwa ameegemezwa kwenye mwamba, kigutu kimefungwa kwa kanga, damu bado inapenya. Aliitazama alama ile.

"Kumbe," alisema. Kisha akasema, "Ndiyo maana hakukubali kiwashwe."

Bibi Namcharo alisimama. Alivua mtandio wake akaufunika mgongo wa maiti.

"Mchukueni," aliwaambia watani wake. "Kaka yangu hakuwahi kuiba maji."

Makaburi mawili yalichimbwa siku moja. Katika moja alilazwa Mzee Sangiwa, na Senzighe hakumruhusu mjukuu yeyote kushuka kumpokea. Katika lingine ulilazwa mgomba. Bibi Namcharo aliutupia udongo, akataja jina la kaka yake kwa mara ya mwisho, polepole, kama mtu anayeonja chakula. Tangu hapo halikutajwa, na ndiyo sababu mimi sikulitaja.

Moto wa matanga uliendelea kuwaka hadi ukingo wa ndiva ulipojengwa upya. Jioni ya kuuzima, Senzighe aliwakalisha wajukuu watatu mbele ya majivu. Aliwaambia kwamba kwa desturi jina huamuliwa na aliyemfikisha marehemu kaburini, na kwamba safari hii anawaona watatu.

"Ni nani kati yenu aliyemfikisha?"

Nakijwa alikuwa na kichanga kifuani, ngozi kwa ngozi, amemviringisha kwa kanga mbili. Alikuwa akimdondoshea maziwa mdomoni kwa kijiko.

"Kama si mimi mngezika mgomba," alisema. "Mwanangu alitoka kabla hajawa tayari, kwa sababu ya jina hilo. Lishuke kwake."

"Dada," Mbonea alisema taratibu, "akifa nalo? Litakuwa limekwisha."

"Na akifa hana jina," Nakijwa akajibu, "nitamlilia nani?"

Mbonea akainamisha kichwa.

Mashambo aliinua kigutu. "Kuonyesha tope si kumtoa mtu kwenye tope. Mimi nilimtoa. Siwezi kuvunja mawe tena. Mwanangu ana mikono yote miwili, na anapumua vizuri. Lishuke kwake, nipate wa kuushika mti wa ndiva."

"Babu alikukataza kumshika," Nakijwa alisema. "Tulikuwepo wote. Utalichukuaje jina la mtu aliyekukataa?"

"Mkono uliomshika niliuacha kule kule. Huu uliobaki haujamgusa." Akamgeukia Mbonea. "Na wewe unataka nini? Huna hata mtoto."

"Nataka linishukie mimi mwenyewe," Mbonea alisema. "Mtoto sina kwa sababu nilikuwa na babu."

"Wewe! Uliyemvua nguo mbele ya watu!" Mashambo akasema.

"Nilimvua ili avikwe sanda. Mlikuwa na mwili, hamkuwa na babu. Bila mimi angelala kaburi la watani, na ninyi mngekuwa mnatazama mgomba." Alilishika shati la babu yake mikononi. "Kila siku nasikia watoto wakilisema lile neno njiani. Mwizi wa maji. Mimi ndiye niliyelitoa. Nipeni jina lake nilibebe, wakilitukana wanitukane mimi."

Senzighe alijishika kichwa. Ugomvi wa ukoo ukishindikana, mtani ndiye hukata. Akamgeukia Bibi Namcharo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha marehemu, na koti la marehemu bado mwilini.

"Mtani, tusaidie."

"Mnaniomba mimi?" alisema. "Mimi nimezika mgomba. Ninyi mna maiti, mna kaburi, mna jina, na bado nyuso zenu zimevimba kama mmenyimwa zamu." Alikohoa kile kikohozi, lakini safari hii watu hawakucheka. "Kaka yangu alipanda mlima kwa ajili ya mzee wenu. Je, kuna aliyeniuliza nani atambeba yeye?"

Senzighe aliyatazama majivu.

"Vema. Mtani haondoki msibani mikono mitupu. Wengine huchukua jogoo, wengine huchukua sufuria. Mimi nachukua jina." Alikunja kiganja kama mtu aliyekamata nzi, akakitia mfukoni mwa koti. "Asubuhi ndiva inafunguliwa, na maji hayafunguliwi bila kuitwa jina la msimamizi. Kabla ya hapo mniletee jibu. Moja, mlilokubaliana watatu kwa kinywa kimoja, nami nitalirudisha. Mkishindwa, nalipeleka penye mgomba wa kaka yangu, nalifukia hapo. Walizoea kutukanana. Angalau apate wa kuzungumza naye."

"Mtani," Senzighe aliuliza, "huo ni utani?"

Bibi Namcharo alisimama, akafunga vifungo vya koti hadi juu, akatoka.

Wamebaki pale mbele ya majivu. Mti wa ndiva umeegemezwa ukutani. Kichanga cha Nakijwa kinavuta pumzi, kinakaa, kinavuta nyingine, na mama yake kila mara anaweka kiganja puani kwake. Mtoto wa Mashambo analia kwa afya, na baba yake anajaribu kumbembeleza kwa mkono mmoja. Mbonea amelikunja shati la babu yake na kulikunjua, kisha akalikunja tena. Juu mlimani maji yameanza kujaa nyuma ya ukingo mpya, na bondeni watu wanapanga mifereji yao.

Mimi nimefika mlangoni, mzigo ni huu hapa.

Aliyemwona chini ya tope, na mtoto wake huenda asiione wiki ijayo? Aliyemvuta, ambaye mzee alimkataa mbele ya watu? Aliyemtambua, kwa kuvunja kiapo chake na kulitia doa jina lile lile aliloliokoa? Ungelikuwa wewe, ungemshushia nani? Au ungemwacha bibi yule aende nalo?

Msinijibu mimi. Mkimbilieni Bibi Namcharo, kabla maji hayajafunguliwa.